Huduma ya kurejesha nyasi za asili, Langobaya: tathmini baada ya misimu miwili

Shamba letu la ekari 12 liko Langobaya, bara ya Malindi, na lilikuwa limebaki vumbi na vichaka kwa sababu mifugo ilishinda humo mwaka mzima. Baada ya ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza, niliwalipa wataalamu wa malisho wanaowasaidia wenye ardhi kurudisha nyasi za asili.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hawakuanza kwa kuniuzia mbegu. Siku nzima walizunguka shambani wakitazama maji ya mvua yalikopita, kisha wakatuelekeza kujenga matuta ya nusu duara, midomo ikielekea juu ya mteremko, ili maji yatuame badala ya kuukokota udongo wetu hadi Mto Sabaki. Nyasi walizochagua ni Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, wenyeji wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Kwa kuwa mbegu hizo ni nyepesi mno, tulizichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzitawanya, tukazifunika kwa udongo haba.

Hata hivyo, mbegu za Cenchrus za awamu ya kwanza zilikuwa zimevunwa karibuni tu, na mbegu mpya ya nyasi hiyo hulala. Huhitaji kukaa ghalani miezi kadhaa ndipo iote vizuri. Tuliambulia mashina machache. Walikiri kosa wakaleta nyingine bila malipo, lakini masika yalikuwa yamekwisha, tukasubiri vuli.

Walitushauri pia tugawe shamba vipande vinne na kulisha kwa zamu, tusiingize ng'ombe hata mmoja kabla nyasi hazijadondosha mbegu zao za kwanza. Ushauri ni mzuri, ila mpango wao haukugusia mifugo ya majirani, ambayo haisomi ramani. Ua wa miiba tuliujenga wenyewe, na makubaliano na wafugaji wapitao njia tukayatafuta wenyewe kwa wazee.

Leo vipande viwili vimefunikwa na nyasi zinazofika gotini. Nitawaita tena, ila safari hii nitauliza mbegu zilivunwa lini kabla ya kutoa hata shilingi.