Meru hauna kosa, kosa ni ofisi (na ile taa)

Naandika hii hasira bado ziko juu, nikisubiri zishuke sitaandika kabisa. Kampuni iliyonipandisha Mlima Meru siitaji jina. Iko Arusha mjini, na waliokodi vifaa pale wataijua tu nikianza kusimulia.

Mlima wenyewe sina neno nao. Watu wakitaja kupanda mlima wanawaza Kilimanjaro, Meru wanauona wa kupigia mazoezi. Shauri yao. Ukitoka geti la Momella unaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na si mbwembwe: tuliwakuta kando ya njia wametukazia macho kama tuna deni lao. Twiga wapo, mbega wapo, halafu msitu, halafu mwinuko mpaka kibanda cha kulala cha Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili ni ngazi, ngazi, ngazi hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, na mwenye pumzi iliyobaki anamalizia kilele kidogo cha Little Meru jioni. Mpishi wao Mungu ambariki, supu yake ilinifufua. Mpaka hapo nilikuwa nimeshawapa nyota tano kichwani.

Sasa taa.

Nilikodi kwao taa ya kichwani, nikaacha amana ya elfu thelathini. Usiku wa kwenda kileleni mnaondoka Saddle kwenye saa saba, saa nane, giza totoro, upepo unakata masikio. Tumeshapita Rhino Point, tupo kwenye miamba ambayo inabidi ushike kwa mikono, taa ikaanza kufifia. Ikapepesa. Ikazima. Sioni hata kiganja changu, na najua kabisa upande mmoja ni kreta, lile shimo la volkano. Nikapiga kelele, "Kaka, taa!" Muongozaji akarudi, akaniambia, "Dada, kaa hapo hapo, mguu usisogee," akaifungua.

Kifuniko cha betri kilikuwa kimebanwa na solatepu. Ndani betri tatu, mbili za aina moja na ya tatu ya kuokoteza, hiyo ya tatu imevuja, na springi imeota kutu ya kijani. Baridi ya kule juu inadhoofisha hata betri mpya, sembuse hizo marehemu. Mtu alikaa ofisini, akaona hali hiyo, akapiga solatepu, akampa mteja anayekwenda kupita ukingoni mwa kreta usiku. Nikifikiria hapo damu inachemka upya.

Kaka wa watu akanivalisha taa yake. Yeye akatangulia bila taa, mimi namwangazia kutoka nyuma, hivyo hivyo mpaka kukapambazuka. Tukafika kileleni, mita 4,562. Kilimanjaro ile pale, mawingu yote chini yake. Ukiinama unaona kilima cha majivu ndani ya kreta, na upande wa mashariki mlima uko wazi kabisa. Ulibomoka zamani sana, na mabaki yake yakasambaa hadi huko ziliko leo Momella na maziwa yake. Nilisahau taa. Kwa robo saa hivi ningewasamehe wote.

Kisha nikarudi ofisini kuchukua amana.

Dada wa mapokezi hata hakunikaribisha kiti. Akaigeuza taa, akasema, "Hii uliipokea nzima, ukasaini. Imeharibikia kwako." Nikamwonyesha solatepu. Akasema solatepu si tatizo, wazungu wanazitumia hizo hizo na hawalalamiki. Nikamwambia basi aende nayo yeye usiku pale juu. Ndipo akatoa hilo la kunimaliza: "Ndiyo maana Watanzania hatupendi kuwachukua, mnalipa kidogo maneno mengi." Dada, na wewe ni Mtanzania! Meneja alikuwepo, nilimsikia anacheka na simu chumba cha ndani, hakutoka.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kutoa hukumu. Muongozaji wao nampa tano, na kama kungekuwa na sita ningetoa. Mpishi tano. Wapagazi waungwana, mizigo ilifika kabla yetu kila siku. Kwa hesabu hiyo labda ni tatu na nusu? Nilikuwa naelekea kuandika hivyo kweli. Lakini wale vijana wa mlimani ndio hao hao wanaofichiwa mabovu ya ofisini, na siku taa itakapozimika kwa mtu mwenye woga kuliko mimi, watakaoulizwa ni wao, si dada wa solatepu.

Kwa hiyo moja. Ukiamua kwenda nao, na sikukatazi, maana chakula ni kitamu, nunua taa yako sokoni na betri za akiba, ulale nazo ndani ya begi la kulalia zisipate baridi. Amana yangu bado wanayo.