Uzoefu wangu Duke Homestead, Durham: ukienda anzia kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku)

Mimi nimekulia Urambo kwenye tumbaku, na kwa huku North Carolina sijaona makumbusho iliyonigusa kama hii, halafu kuingia ni bure. Ni shamba la Washington Duke, familia ambayo baadae ndo waliunda kampuni ya American Tobacco mwaka 1890, na chuo kikuu cha Duke kina jina lao. Nyumba yao ya 1852 bado ipo, ya mbao, ya kawaida tu, hutakaa sana.

Bani ndo lenyewe sasa. La magogo, mianya wameziba kwa udongo, moto unachochewa kwa nje kisha joto linapita ndani kwenye mabomba ya bati ili moshi usiguse majani, na juu vijiti vilivyofungwa majani vinapangwa safu kwa safu mpaka karibu na paa. Mtu anakesha karibu wiki nzima anapandisha joto pole pole, kwanza jani liwe njano, halafu likauke, mwisho kabisa ule mshipa wa kati, ukilala moto ukazidi basi jasho la msimu limeungua. Tumbaku ya mvuke, yaani hii inayokaushwa kwa joto la mabomba, ni hivyo hivyo hata kwetu. Na ujuzi huu wa kulitoa jani njano una mwenyewe, mwaka 1839 kaunti ya Caswell, sio mbali na hapo, kijana mtumwa anaitwa Stephen alipitiwa na usingizi, moto ukakaribia kuzima, akatupia mkaa haraka haraka, majani yakatoka njano safi. Jina lake lingetakiwa kujulikana kuliko la Duke, mi naamini hivyo kabisa.

Pia muulizeni anayewatembeza habari za Caroline, mwanamke mtumwa ambaye Duke alimnunua kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, msitoke bila kumsikia.

Viwanda vya mwanzo navyo viangalieni, baada ya vita kuisha 1865 walikuwa wanaponda majani kwa fimbo, wanachekecha, wanajaza kwenye vifuko, wanaenda kuuza na gari la nyumbu. Mashine ya Bonsack ya kusokota sigara ilikuja miaka ya 1880, wakati huo walishahamia mjini.

Mlioko huku mnaotoka Tabora, Kahama au Chunya, wazee wakija kuwatembelea wapelekeni, bani wataweza kuwaelezea wenyewe kuliko hata mtembezaji. Ila angalieni kwanza siku za kufungua, sio kila siku.