TAHADHARI: Anayeuza "watoto wa kamba cheri" kwa basi ni tapeli

Wafugaji wenzangu wa kamba wa mapambo, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza watoto wa kamba cheri (kamba wadogo wekundu wa kufugwa kwenye tangi la kioo), elfu tano kwa mmoja, anatuma kwa basi kutoka Kanda ya Ziwa. Picha anazoweka ni za cheri wekundu wa kuiva. Msimtumie hela. Anachotuma si cheri.

Mzigo wangu ulifika Dar ndani ya chupa ya maji ya kunywa: kamba wasio na rangi kabisa, unawaona mpaka utumbo. Nilipompigia kuuliza wekundu uko wapi, jibu alikuwa nalo tayari: "Bosi, hao bado watoto, wape mwezi watakolea." Uongo huu unauzika kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo. Watoto wa cheri kweli hukolea rangi wanavyokua, na dume hata akikomaa hufifia kuliko jike. Lakini mtoto wa wazazi wenye rangi nzito huanza kuonyesha wekundu akiwa bado na urefu wa punje ya mchele. Hawa wa kwenye chupa walipita sentimita 2, na mmoja alikuwa amebeba mayai chini ya tumbo. Mwenye mayai anakuwaje mtoto?

Nikamweka kwenye glasi nikamtazama kwa lenzi. Ule mwiba wa mbele ya kichwa ni mrefu, una meno kama msumeno. Huyu ni kamba wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica, anayenaswa kwenye nyavu za dagaa usiku. Tapeli anamzoa mwaloni karibu na bure. Cheri ni Neocaridina davidi, asili yake ni upande wa China na Taiwani, na hawa wawili hawazaliani hata uwaweke pamoja miaka.

Kilichoniudhi zaidi ni "ushauri" wake. Walipoanza kufa alinielekeza ninunue dawa ya samaki ya ugonjwa wa madoa meupe. Soma lebo kabla hujamwaga chochote: dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, mara nyingi mrututu (chumvi ya shaba), na shaba kidogo tu inaua kamba tangi zima. Ningemsikiliza, ningepoteza hata cheri wangu wa zamani, na yeye angesema maji yangu mabaya.

Mwenzetu mmoja aliuziwa naye "jozi ya Amano ya kuzalisha" (Amano ni aina nyingine ya kamba wa mapambo). Hao walikuwa Amano wa kweli, ila jike akitaga, viluwiluwi wake hawakui kwenye maji yasiyo na chumvi. Wanahitaji maji ya chumvi mpaka wabadilike umbo. Kumwambia mtu anayeanza kwamba watazaa tu ndani ya tangi lake la sebuleni ni wizi.

Kwa muuzaji yeyote usiyemjua, omba video ya leo, si picha, ionyeshe jike mwenye mayai na watoto kwenye tangi hilohilo, na karatasi yenye jina lako ikiwa pembeni ya kioo. Anayezalisha kweli hasumbuki, maana cheri hubeba mayai wiki 3 hadi 4 na tangi lililotulia halikosi jike mwenye mimba. Huyu wetu nilipomwomba video alisema simu imeharibika, na jioni yake akaweka tangazo jipya.

Kama umeshapokea mzigo wake, waweke kwenye ndoo peke yao, usichanganye na wako, maana wa porini huja na vimelea. Wala usiwamwage mtoni au mtaroni. Tunza ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, kisha nitumie inbox. Tupo kadhaa, tunataka kwenda polisi pamoja. Udanganyifu wa aina hii umo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba zake hubadilika, lakini picha za tangazo ni zilezile.