TAHADHARI: Pakiti za "mtihani wa kuingilia udaktari na meno" zinazouzwa Mtwara na Lindi

Wazazi na vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi, someni hii kabla hamjatoa hela. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna watu wanapita kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye steshenari wakiuza "pakiti ya kujiandaa na mtihani wa kuingilia udaktari na udaktari wa meno", na juu yake wanajitolea "kumwombea mtoto chuo", yaani kumjazia fomu za maombi. Msinunue.

Kwa vyuo vya Tanzania huo mtihani haupo. Kijana wa kidato cha sita huingia udaktari au meno, MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) au kwingineko, kwa matokeo yake ya NECTA: prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Waombaji wakizidi nafasi, wenye ufaulu mkubwa ndio wanaochukuliwa. Sifa za kila kozi zimo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), unaopatikana bure kwenye tovuti yao.

Sasa fungueni hiyo pakiti muone. Ni fotokopi za BMAT na UCAT, mitihani ya vyuo vya nje. BMAT ilifanyika mara ya mwisho Oktoba 2023, haipo tena. UCAT ipo, lakini ukikuta kurasa za maumbo, yale ya kupanga picha kwenye kundi A au B, hiyo ni ya zamani: sehemu hiyo iliondolewa 2025. Tazameni na alama. Jumla ikiandikwa mpaka 3600 ni ya zamani. Sasa ni 2700. Hata ingekuwa mpya, makaratasi hayamsaidii mtoto sana. UCAT hufanywa kwenye kompyuta, na sehemu ya ufahamu ina maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa swali. Kasi hiyo hujengwa kwenye skrini. Anayeomba Uingereza kweli atapata mazoezi rasmi bure kwenye tovuti ya UCAT yenyewe. Wakala wa vyuo vya nje naye mtafuteni kwenye orodha ya mawakala wanaotambuliwa na TCU.

Hasara ya pakiti ni hela tu, ingawa najua nyumba nyingi huku hela hiyo ni ya korosho iliyotunzwa tangu msimu uliopita. Kinachoumiza zaidi ni hilo la kuombewa chuo. Mtu huyo anajaza fomu kwa namba yake ya simu, barua pepe yake na nywila anayoijua yeye peke yake. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, lazima athibitishe kimoja kwa msimbo (code) unaotumwa kwenye namba ya simu iliyojazwa. Msimbo unaingia kwa huyo wakala aliyejaza fomu. Hapo ndipo anadai hela nyingine ili autoe, na siku za kuthibitisha zikipita nafasi imekwenda.

Kwa hiyo mtoto ajaze mwenyewe, kwenye mfumo wa chuo husika, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi. Akijazia kwenye steshenari, alipie huduma ya kompyuta, nywila aiandike mwenyewe, na asiondoke bila kujitoa kwenye akaunti. Chuo cha serikali hulipwa kwa kontrol namba inayotoka ndani ya mfumo. Kabla ya kuweka namba ya siri, someni jina linalotokea. Likija jina la mtu binafsi, acheni hapo hapo.

Aliyekwisha kulipa asifute meseji za muamala wala mazungumzo. Piga simu mtandao wako mara moja uombe muamala urudishwe, maana akishazitoa hela hazirudi kirahisi. Ripoti namba hiyo kwa kutuma meseji kwenda 15040, kisha nenda polisi na ushahidi. Na kama fomu ilijazwa kwa simu ya wakala, wasiliana na chuo leo hii wabadilishe namba kabla dirisha la kuthibitisha halijafunguliwa.