Nimerudia vipindi vya zamani vya klipu za kuchekesha, maksi zangu nimewapa watangazaji

Wiki mbili hizi kila usiku nimekuwa naangalia tena vile vipindi vya klipu za kuchekesha vya zamani, sio hizi za simu za sekunde kumi, nasema vile vya kwenye tivii, jamaa amevaa suti amesimama studio na watu nyuma yake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Vya Marekani na vya Uingereza. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba klipu nilikuwa nimeshazisahau karibu zote lakini watangazaji nawakumbuka mpaka namna walivyokuwa wanashika mikono. Manake klipu zenyewe ukizipanga ni zilezile jamani, bibi harusi kateleza, mbwa anafukuza mkia wake, mtoto kapewa gongo apige mpira na mpira ukaenda moja kwa moja kwa baba yake, pale pale unapopajua. Kwahiyo hapa nawapa maksi watangazaji, klipu zitajijua.

Naanza na America's Funniest Home Videos ya ABC, tivii ya Marekani, maana ndo kubwa lao. Ilianza kama kipindi maalum kimoja tu Novemba 1989, watu wakaipenda, Januari 1990 ikawa ya kila wiki na mpaka leo ipo. Wazo halikuwa lao, lilitoka Japani, kule kwenye tivii ya TBS wachekeshaji wawili Kato-chan na Ken-chan walikuwa na kipande kwenye kipindi chao ambapo watazamaji wanatuma video za nyumbani, Wamarekani wakalilipia wakalijenga likawa kipindi kizima. Na muda wenyewe uliwakubali, kamera za video za kubeba zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, kila baba anarekodi besdei, anarekodi mtoto anatambaa, masaa na masaa ya kanda ambazo hakuna mtu angeziangalia hata kwa kulipwa. Halafu anatokea mtu anasema ikichekesha kuliko zote wiki hii unachukua dola 10,000. Basi mtoto akidondokea keki mama analia na baba anaangalia kama kamera ilikuwa inawaka.

Bob Saget. Aisee huyu mtu. Utani wake ulikuwa mbovu, nasema mbovu kabisa, ule wa baba anayerudia mchezo wa maneno mezani na watoto wanazungusha macho, na yeye mwenyewe anajua, anautoa halafu anakaa na kale katabasamu ka kuomba samahani. Lakini sauti! Paka yupo juu ya kabati anapimia dirisha, anatikisa makalio, anapimia tena, na Saget yuko pale na sauti nyembamba anamsemea paka mawazo yake, anajipa moyo, anajisifia, mpaka anaruka na dirisha lilikuwa limefungwa. Bila ile sauti ni paka kagonga kioo, sekunde nne, kwisha. Ukiwa na sauti unakuwa umemfahamu yule paka, unamuonea huruma. Sauti hizo alikuwa anazifanya pamoja na waandishi wake, Todd Thicke na Bob Arnott, na ukisikiliza vizuri unasikia kabisa wanatoka mmoja baada ya mwingine kama watu watatu wanaotaniana sebuleni.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba miaka hiyohiyo alikuwa pia Danny Tanner kwenye Full House, komedi ya familia ya tivii, baba msafi anayekumbatia kila mtu, halafu akipanda jukwaani klabu kufanya komedi yake ni matusi mwanzo mwisho, watu waliokwenda na picha ya Danny Tanner kichwani walitoka wameduwaa. Ukilijua hilo halafu ukarudi kumuangalia kwenye klipu unaona kabisa anavyojizuia, mdomo unataka kusema kitu na uso unakataa. Mimi hiyo imenifanya nimpende mara mbili. Aliondoka 1997, na Januari 2022 akafariki, na kweli siku ile niliposikia kilichonijia kichwani sio Full House, ni yule paka.

Baada yake wakaja Daisy Fuentes na John Fugelsang, miaka miwili hivi, hawakuwa wabaya, tupite. Tom Bergeron kashika 2001 mpaka 2015 na hapa nitagombana na watu: kwa kazi yenyewe Bergeron ni bora kuliko Saget. Yuko mwepesi, anaongea na watoto waliokaa kwenye hadhira bila kuwafanya wajinga, na utani ukifeli anausindikiza wenyewe mpaka mlangoni kwa heshima. Saget unampenda, Bergeron unamkubali. Sasa hivi ni Alfonso Ribeiro, yule aliyeigiza Carlton kwenye komedi ya Fresh Prince na ile dansi yake iliyojulikana kila mahali, mchangamfu sana, ila mimi nikimuona bado nasubiri acheze.

Kwa Waingereza mambo ni tofauti. Denis Norden, It'll Be Alright on the Night, tivii ya ITV, kuanzia 1977. Hapa sio video za nyumbani, ni makosa ya waigizaji na watangazaji, mtu kasahau mstari, mlango wa seti umegoma kufunguka, msoma habari kashikwa na kicheko. Norden anasimama na ule ubao wake wa kushikia karatasi, mrefu, miwani, na anaanza kuongea. Anaongea bwana! Sentensi inaondoka, inapita huku, inazunguka kule, unafikiri kashapotea, halafu neno la mwisho linakudondokea kichwani na klipu inaanza wakati bado unacheka ya kwake. Alikuwa mwandishi wa komedi za redio miaka na miaka kabla ya hapo, inaonekana, hakuna neno lililowekwa hovyo. Na hawakuwa na haraka, kilikuwa kinatoka kwa nadra na kila kimoja kina namba yake kama filamu, cha pili kilitoka 1979. Alistaafu 2006 akiwa na miaka 84! Nampa tano kati ya tano, sitaki mjadala.

Clive James nampa nne. Muaustralia huyu alikuwa mhakiki wa tivii kwenye gazeti la The Observer kwa miaka kumi, halafu 1982 akahamia upande wa pili, anakaa mezani anakuonyesha matangazo na vipindi vya ajabu kutoka duniani kote, uso mkavu kama anasoma hukumu. Nyota moja nimeitoa kwasababu ya yale mashindano ya Kijapani ya kuvumilia mateso, vijana wanateswa na baridi, na wadudu, na vyakula visivyolika, na Waingereza wanacheka "tazama hawa watu". Utotoni nilicheka sana, safari hii nilikuwa naangalia saa. Na fikiria, London wanawacheka Wajapani kwa tivii yao, miaka michache baadaye Marekani wanawalipa Wajapani haohao kwa wazo la kipindi.

You've Been Framed! ilianza 1990 na Jeremy Beadle, klipu yako ikionyeshwa ulikuwa unalipwa pauni 250, mimi kipindi cha Beadle kinanichosha, kelele nyingi. Kilikuja kufufuka 2004 kwa Harry Hill ambaye anasikika sauti tu, anabishana na watu waliomo kwenye klipu, anawatungia majina na ugomvi wa kifamilia. Na Harry Hill amesomea udaktari kabisa, kwahiyo anayecheka ukidondoka kwenye ngazi ndiye ambaye angekufunga bandeji.

Malalamiko yapo. Zile sauti za "boing" kila mtu akianguka zinakera sana ukiangalia vipindi vitatu mfululizo. Na kadiri miaka inavyokwenda unaanza kuwaona wanaoigiza, baba kasimama katikati ya uwanja miguu wazi, haangalii kokote, anasubiri mpira wa dola 10,000. Saget angemsemea huyo, nina hakika.

Kama hujawahi kuviangalia anza na Bergeron maana havihitaji kuzoewa, Saget muangalie na mtu, peke yako utani wake hautakupita kooni. Norden usimuweke ukiwa na simu mkononi. Nilimuwekea mdogo wangu juzi, dakika ya pili akauliza "huyu babu anamaliza saa ngapi?", na klipu ilipokuja akacheka akaniambia rudisha nyuma, nikarudisha klipu, akasema hapana, pale babu alipokuwa anaongea.