Glock 20 kwenye mto wa dubu: uzoefu wangu Alaska

Naishi Anchorage, na kila mwezi wa saba nateremka rasi ya Kenai kuvua samoni. Mto wangu ni Russian River, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Samoni wekundu wakipanda hawaji peke yao. Dubu wa kahawia wako nyuma yao. Unajikuta umesimama kwenye maji yaleyale na mnyama mwenye kucha ndefu kuliko vidole vyako, mnagombea kitoweo kimoja. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitafute bastola.

Nilimpigia mjomba, yuko kijijini karibu na Mikumi. Akacheka. "Mjomba, sisi tunalala shambani na tembo, hata gobole hatuna. Wewe bastola ya nini?"

Dukani muuzaji alinitazama kifua, akaona naweza, akanipa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi za .44 Magnum, yenye mtutu mfupi, risasi sita. Karatasi hazikunisumbua: unajaza fomu ya serikali kuu, wanakagua rekodi yako, basi. Mimi nina ukazi wa kudumu. Ndugu mwenye viza ya matembezi au ya masomo asifikiri mambo ni hayohayo, kwa kawaida haruhusiwi kabisa, aulize kwanza. Alaska yenyewe haidai kibali cha kubeba kwa mwenye miaka 21 na zaidi anayeruhusiwa kumiliki silaha.

Sasa ile rivolva. Risasi ya .44 Magnum ipo tangu miaka ya 1950, na wazee wa huku wanaiamini kwa dubu, siwabishii. Shida ilikuwa mimi. Kwenye uwanja wa shabaha risasi ya kwanza ilitoboa karatasi, ya pili ilikwenda kutafuta mawingu. Ina teke kama la punda. Kufika risasi ya kumi kiganja kimevimba, na nimeanza kufumba macho kabla sijafyatua. Mwezi mzima nilirudi pale kila Jumamosi na macho yakaendelea kufumba. Dubu aliyekusudia hukimbia kama kilomita 50 kwa saa, maana yake mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Ndani ya hizo sekunde mbili mimi nina risasi moja, na hiyo moja naiogopa kuliko ninavyomwogopa dubu.

Nikaiuza kwa hasara, nikachukua Glock 20.

Hii ni bastola ya magazini, ya risasi aina ya 10mm Auto; magazini inabeba risasi 15, na ikiwa tupu haifiki kilo moja. Askari wa Sirius, kikosi cha Denmark kinachopiga doria kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sledi za mbwa, hubeba bastola hii kwa ajili ya dubu weupe, na hilo ndilo lililonishawishi zaidi ya maneno ya dukani. Kwa nguvu haifikii .44, tusidanganyane. Ila risasi ya pili naiona inakwenda wapi, na ya tatu pia, na macho yangu yako wazi.

Kasoro zake? Mshiko ni mnene, mwenye kiganja kidogo ajaribu kwanza kabla ya kutoa pesa. Inataka mkono uliokaza: imenigomea mara mbili, zote nilikuwa nimelegeza kifundo. Halafu kuna suala la risasi. Zile za pua yenye tundu, za kujilinda na binadamu, hupanuka mapema, na dubu ana mafuta, misuli na mifupa minene. Huku watu hupendelea risasi nzito za madini ya risasi yaliyofanywa magumu, pua bapa, za gramu 14 hivi. (Ndiyo, risasi za risasi. Kiswahili nacho.) Lakini Glock wenyewe wanaonya dhidi ya risasi zisizo na ganda la shaba juu ya ile pua inayoruka, kwenye mitutu yao. Kwa hiyo mazoezi yote napiga zenye ganda, zile ngumu napiga chache za kuhakikisha zinaingia bila kukwama, kisha nasugua mtutu vizuri.

Ala ya bastola iwe ya kifuani. Kiunoni unavaa suruali ya mpira ya kuvulia na mkanda wa begi, utaitoa saa ngapi? Yangu ni ya ngozi, imeshonwa mji wa Wasilla, na ni bei. Silalamiki.

Kitu nilichokidharau ni kopo la pilipili. Utafiti wa mtaalamu wa dubu Tom Smith na wenzake kuhusu Alaska, wa 2008, ulionyesha kwamba pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia mara 92 kwa 100. Ule wao wa 2012 kuhusu bunduki na bastola uliipa bastola mara 84 kwa 100, ukaongeza kwamba waliofyatua na waliokuwa na silaha wasiifyatue hawakutofautiana katika kuumia. Matukio hayafanani, kwa hiyo sizipimi namba hizo kwenye mizani moja. Lakini mimi ni mtu niliyepaka kamba pilipili na oili chafu kuzunguka mahindi ya mjomba ili tembo wasiingie, nikawashwa macho usiku kucha, halafu nafika Marekani naambiwa pilipili inafukuza dubu, nacheka!

Na ukimuua dubu kwa kujitetea, sheria ya Alaska inakutaka utoe taarifa, umchune, ukabidhi ngozi yenye kucha pamoja na fuvu. Mzoga ni mali ya jimbo. Waza kumchuna dubu huku mikono bado inatetemeka.

Msimu uliopita jike na watoto wawili walitokea kwenye kona ya njia, kama mita 20. Glock kifuani, kopo kiunoni. Mkono wangu ulikwenda kwenye kopo, hata sikuuamuru. Nikamsemesha kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, nikirudi nyuma hatua kwa hatua. Akanusa, akageuka, watoto wakamfuata majanini. Kopo halikupulizwa.

Jioni nikampigia mjomba.

"Ulimpiga?"

"Hapana. Nilishika pilipili."

Akacheka mpaka simu ikakatika.