Mafundi wa boti Kilifi: turubai nyota 5, friji nyota 2

Wadau wa boti, chombo kilichozoea baridi usikilete pwani hivihivi, kitakukaanga. Yetu ni ya tanga, futi 36, imetoka Cape Town, tukawapa mafundi fulani hapa Kilifi mtoni waiweke sawa kwa joto.

Turubai la kivuli ndo limenimaliza jamani. Fundi kalishona refu kutoka mlingoti mpaka tezi kule nyuma ya boti, pembeni kaacha vipande vya kushusha jua la saa kumi likianza kupiga ubavuni, na uzi katumia ule usioliwa na jua maana wa kawaida msimu mmoja tu unakatika kama tambi. Sasa mchana mtu unalala ndani, mwanzo ilikuwa oveni.

Rangi yenye shaba ya chini ya boti, ile ya kuzuia chaza wasigande, nayo safi, walingoja bamvua, maji makubwa yale, wakaipweleza boti mchangani ikabaki kavu maji yalipotoka, wakakwangua chaza, wakapaka. Mzee mmoja akapita akacheka, eti majahazi yao yalipakwa shahamu na chokaa tu na Maskati yalifika.

Friji sasa. Niliwaambia waongeze foma ya kuzuia joto kuzunguka boksi, wao wakafunga sola ya pili basi, saa tisa usiku betri kwisha, samaki wangu changu kaoza. Nikawarudia, wakajaza foma inchi 4, kompresa siku hizi inapumzika, ila walitaka nilipe tena, tukabishana weee nikatoa nusu.

Nyavu za mbu za madirishani agiza mapema, mimi nilisahau na bado najikuna.